Bwana Mengineyo Hajawasilisha

Nani aliyewaambia kwamba sisi tulikuwa tunateseka kuandika? Naomba nionyeshwe huyo mtu, nina la kumweleza. Mateso ofisini kwetu yapo, tena ya kuchagua. Kuna printa inayovuta karatasi mbili mbili na kuzitafuna zote. Kuna kiyoyozi kinachodondosha maji karibu na meza ya mhasibu, na ndoo ya kukinga maji hayo imeshaandikwa namba ya mali ya ofisi. Kuna lifti iliyobandikwa tangazo la "MBOVU" hadi tangazo lenyewe likachakaa, likabandikwa jingine. Kuna fomu ya kuombea gari ambayo lazima isainiwe na mkuu wa kitengo, na kila unapomhitaji mkuu huyo yuko safarini na hilo gari. Yote haya tumeyaandikia madokezo, na madokezo yalikuwa mazuri. Kuandika ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakwenda. Basi wakaja wataalamu, wakaipita printa, wakapanda ngazi kwa sababu ya lifti, wakafika ghorofa ya nne wakihema, wakatuletea msaidizi wa kuandika.

Msaidizi mwenyewe ni akili mnemba iliyochomekwa ndani ya programu zilezile tunazotumia kila siku: ya barua, ya majedwali, ya barua pepe, ya vikao vya mtandaoni. Ukifungua ukurasa mweupe, hata hujakohoa, keshauliza akuandikie nini. Ukiandika sentensi moja, anaomba akunyooshee. Ukipokea barua, anakupa ufupisho wake kabla hujajua imetoka kwa nani. Siku hizi kila mwenye programu za ofisi anaye wa kwake. Microsoft wana Copilot, Google wana Gemini, na wadogo zao wanafuata nyuma. Wa kwetu simtaji jina. Nina watoto wanasoma.

Sisi wa rika langu tumeshawahi kuishi na mgeni wa namna hii. Office 97 ilikuja na kibanio cha karatasi chenye macho, jina lake rasmi Clippit ingawa dunia nzima ilikiita Clippy, kilichokuwa kinachomoza pembeni kukuambia kwamba inaonekana unaandika barua. Ni kweli tulikuwa tunaandika barua. Tulikuwa ofisini. Watu walikichoka kiasi kwamba Microsoft wenyewe, walipotoa Office XP mwaka 2001, walikifanyia sherehe ya kustaafu ndani ya matangazo yao ya biashara, na ilipofika Office 2007 hakikuwemo kabisa. Leo kibanio kile nakikumbuka kwa heshima zote. Kilikuwa na hoja moja tu, ukikifukuza kinaondoka, na hakikuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja.

Tena kilikuwa cha bure. Microsoft walipotangaza bei ya Copilot kwa maofisi mwezi Julai 2023, walisema dola 30 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, juu ya ada ya programu zenyewe. Hiyo ni zaidi ya shilingi 70,000 kwa kichwa, kila mwezi, na kuna vichwa ambavyo ukivitazama unaona hasara kabla hujapiga hesabu. Google wao Januari 2025 waliingiza Gemini ndani ya vifurushi vyao vya kazi na bei ikapanda, utake usitake. Sisi tulinunua leseni chache za majaribio, zikagawiwa kwa kufuata cheo, yaani kwa watu ambao hawaandiki. Mimi nikapata moja kwa kuwa ndiye ninayewaandikia.

Aliyekuja kunifungulia ni kijana wa TEHAMA.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu anafanya nini?"

"Mzee wangu, wewe unamwambia tu unachotaka, yeye anakuandikia."

"Nikishajua ninachotaka, kilichobaki si mistari miwili?"

"Utaokoa muda, mzee."

Muda wa kufanyia nini, hakusema. Alikuwa anawahi kwenda kuizima na kuiwasha printa.

Sasa naomba nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyoharibiwa. Mimi ni afisa utawala, na sehemu kubwa ya utawala wangu ni kuandika mihutasari ya vikao. Watu wasioijua kazi hii hudhani muhtasari ni kumbukumbu ya yaliyosemwa. Hata kidogo. Mzee aliyenifundisha, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku, alikuwa akikaa kikaoni na kalamu mkononi bila kugusa karatasi hadi watu waanze kukusanya funguo zao. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Subiri wapatane, ndiyo uandike."

Ndiyo sanaa yote hiyo. Watu wakitupiana maneno mpaka chai ikapoa, unaandika kwamba wajumbe walijadili kwa kina. Taarifa ikisomwa na mtu mmoja huku wengine wanachezea simu, kikao kilipokea taarifa. Bosi akiamua peke yake, iliazimiwa. Jambo likiwa limekufa na hakuna anayetaka kulizika, litafanyiwa kazi. Msomaji wa ofisini anasoma maneno hayo na kuona picha yote, nani alimkasirikia nani, na kwa kiasi gani cha fedha. Wakati huohuo hakuna mtu atakayekuja na karatasi hiyo mahakamani. Tumekaa kwa amani miaka yote kwa sababu ya vitu ambavyo mimi sikuviandika.

Basi ikaja siku msaidizi akaingizwa kikaoni kurekodi na kuandika.

Ajenda kubwa ilikuwa masurufu ambayo hayajarejeshwa. Mkuu wa Mipango alikwenda Dodoma kikazi na gari la ofisi, na alichorejesha ni risiti za mafuta ambazo mhasibu alizipanga mezani moja moja, taratibu, akizilainisha kwa kiganja, kabla ya kuuliza: gari gani hilo lililokunywa dizeli lita 400 kwenda Dodoma na kurudi, au lilipitia Lubumbashi? Watu tukacheka. Mkuu wa Mipango hakucheka. Akasema mhasibu hajawahi kuendesha hata baiskeli, kwa hiyo mambo ya mafuta amwachie. Mhasibu akajibu kwamba baiskeli haina risiti za kughushi. Hapo mwenyekiti akagonga meza na kusema tunywe chai kwanza.

Mimi ningeandika: "Kikao kilisisitiza umuhimu wa kurejesha masurufu kwa wakati na kwa kuambatisha vielelezo stahiki." Basi. Mkuu wa Mipango angesoma pale kwenye "stahiki" na kutokwa jasho, halafu angerejesha hela kimyakimya kabla ya mwisho wa mwezi. Ndivyo alivyofanya mara zote zilizopita.

Msaidizi hakuona sababu ya kumficha mtu. Alitoa kurasa tano zenye vichwa vya habari vya rangi ya bluu. Baiskeli imo. Risiti za kughushi zimo, na jina la aliyesema, na dakika aliyosema. Chini kabisa, kwenye jedwali la maazimio na wahusika, aliandika: "Idara ya Mipango ithibitishe kama safari ya Lubumbashi iliidhinishwa." Kisha, kwa kuwa ni mchapakazi, akazituma kwa wote walioalikwa, akiwemo mkaguzi wa ndani ambaye hakuhudhuria kwa taarifa.

Mkaguzi wa ndani ni mtu makini. Akatoa hoja ya ukaguzi: safari ya nje ya nchi bila kibali. Mkuu wa Mipango amekuwa akijieleza kwa maandishi tangu wakati huo kwamba hajawahi kufika Kongo, na kila anapoeleza anatakiwa kuambatisha uthibitisho. Unathibitishaje kwamba hukwenda Lubumbashi? Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye katibu wa kikao. Nikamwambia suala lake litafanyiwa kazi. Hela za mafuta bado hajarejesha, anasema amevunjika moyo.

Lakini hilo la Lubumbashi ni dogo. Kubwa ni la Bwana Mengineyo.

Ajenda ya mwisho ya kikao chochote kilichowahi kufanyika nchini humu ni Mengineyo. Mwenyekiti akasema, "Haya, Mengineyo." Kimya, watu wanatafuta viatu vyao chini ya meza. "Mengineyo?" Kimya. "Basi, tufunge." Msaidizi alichosikia ni mtu kuitwa mara mbili bila kuitika. Akaandika kwamba Bw. Mengineyo hakuwa na mchango, na kwenye jedwali akampangia kazi: awasilishe taarifa yake kwa maandishi kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikapita. Jumatatu ikaja barua pepe ya kukumbusha, iliyotungwa na kutumwa kwetu sote na msaidizi mwenyewe, kwamba taarifa ya Bw. Mengineyo inasubiriwa. Kikao kilichofuata, kwenye Yatokanayo, jina lake likawa la kwanza, limewekwa alama nyekundu. Akaitwa tena mwishoni, naye kwa mara nyingine hakuitika. Mkurugenzi, ambaye siku hizi hasomi kitu ila ufupisho, akanipigia simu ya mezani.

"Huyu Mengineyo ni wa idara gani?"

"Mheshimiwa, si mtu. Ni ajenda."

"Ajenda ya nani?"

"Ya wote, mheshimiwa."

"Ndiyo maana haiwasilishwi," akasema, akakata.

Nilikwenda kumwomba kijana wa TEHAMA amfute. Alijaribu, lakini akasema mfumo "umeshamzoea". Mama wa masijala yeye alikwishachukua hatua zake. Alimfungulia faili. Nilipomuuliza, alinitazama juu ya miwani na kusema, "Baba, barua zake zinakuja, niziweke wapi?" Nilikosa jibu. Faili lina jalada la njano na tayari ni nene kuliko la kwangu.

Nikamtaka yule kijana anieleze kiumbe huyu anafikirije. Alivyonieleza, nami nikasoma kidogo ili nihakikishe, mambo ni hivi: amelishwa maandishi mengi kupita kiasi, mengi yake ya Kiingereza, akajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukimuuliza kitu, si lazima atafute kabatini. Anatunga jibu kipande kwa kipande, akichagua kile kinachoelekea kufuata. Kwa hiyo anachokijua na asichokijua vinatoka kinywani mwake kwa sauti ileile. Mfanyakazi mpya asiyejua kitu utamwona kwa macho, anababaika, anajikuna, anakuja kuuliza. Huyu hababaiki, hajikuni. Neno "sijui" halimtoki mpaka umsukume ukutani, na hata hapo anaomba radhi halafu anakutungia jingine.

Wenzetu wa Marekani wameshayaona. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazikuwahi kuwepo, zimetungwa na ChatGPT, wakapigwa faini ya dola 5,000. Jaji alizitafuta kesi akazikosa, mchezo ukaishia pale. Nasema hivi nikijua kwamba huko mifumo yao ni dhaifu, maana hapa kwetu mambo yalikwenda vizuri zaidi.

Nilimwomba msaidizi aniandikie barua ya kufuatilia madai kwa taasisi moja ya jirani. Akaandika vizuri tu, akaanza na "Tafadhali rejea barua yetu yenye Kumb. Na." hivi na hivi, ya tarehe fulani. Kumbukumbu ilikuwa na herufi zake, mikwaju yake na namba zake, ya kupendeza. Bosi akaisaini, ikapigwa muhuri, ikaenda kwa dispatch. Baadaye mama wa masijala akaja mezani kwangu na nakala. Barua hiyo tunayoirejea, akasema, hatujawahi kuiandika. Nikaanza kutunga maelezo ya kujitetea. Hayakuhitajika. Jibu la taasisi ile lilikuja kabla sijamaliza: barua yetu ya awali waliipokea, na wanatufahamisha kwamba inashughulikiwa.

Nisiwe mnyimi wa haki. Kuna mahali anafaa. Alinitungia fomula ya kuhesabu siku za likizo za wafanyakazi ambayo ningeihangaikia wiki nzima, na jibu nililihakiki kwa kalamu, likawa sahihi. Mfadhili alipotuletea ripoti ya kurasa mia ya Kiingereza kizito, alinipa kiini chake kabla ya chakula cha mchana, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeisoma ripoti hiyo, hata wale walioiandika nina wasiwasi nao, sioni kama tulipoteza kitu. Tahajia anajitahidi. Muda wa Kiswahili haujui: kikao cha saa tatu asubuhi alikipanga saa tisa usiku, wakati ambapo akidi nzima ya jengo letu ni mlinzi na paka wake.

Na rambirambi msimpe. Dereva wetu alifiwa na mama mkwe, nikiwa na haraka nikamwachia msaidizi atunge salamu za ofisi. Nilizisoma nusu, nusu ile ilikuwa nzuri, nikatuma. Mwishoni alikuwa ameongeza: "Kama una swali lolote kuhusu msiba huu, usisite kuwasiliana nasi." Dereva ni muungwana. Alisubiri tumalize arobaini ndipo akaja kuniuliza, kwa upole, kama ofisi ilikuwa na taarifa zozote.

Halafu kuna hili la kurefusha na kufupisha, ambalo likinijia usiku silali. Mimi nina mistari mitatu ya kumwambia mkuu wa ugavi: viti vilivyoletwa ni kumi na viwili, tuliagiza ishirini, vilivyobaki viko wapi. Msaidizi anaona mistari mitatu ni utovu wa adabu. Anaweka utangulizi, usuli, umuhimu wa viti katika kuongeza tija, na hitimisho la kushukuru kwa ushirikiano. Kurasa mbili. Zinamfikia mkuu wa ugavi ambaye naye ana msaidizi wake, na huyo anaziona kurasa mbili kuwa ni nyingi, anazirudisha kuwa mistari mitatu: "Ofisi ya Utawala inashukuru kwa viti. Inasisitiza umuhimu wa viti. Inatarajia ushirikiano zaidi." Mkuu wa ugavi akanijibu kwa furaha kwamba karibuni sana. Viti vinane hadi leo sijui vimekalia nani.

Nilidhani tutazoea, au watamrekebisha. Kijana wa TEHAMA akanisimulia kisa kilichonikatisha tamaa. Jedwali la Excel lina tabia ya zamani ya kudhani kila kitu ni tarehe. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni inayoitwa MARCH1 na nyingine SEPT1. Ukiziandika kwenye jedwali zinageuka kuwa tarehe moja Machi na tarehe moja Septemba, na tafiti zikawa zinaharibika kwa namna hiyo. Kwa miaka mingi walilalamika. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikasalimu amri, ikabadilisha majina ya jeni: MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1, na SEPT1 ni SEPTIN1. Jeni zilizomo mwilini mwako, msomaji, zimebadilishwa jina ili zisimkwaze karani wa kompyuta. Microsoft wakaja kuweka kitufe cha kuzima tabia hiyo mwaka 2023, wakati jeni zimeshahama.

Kama jeni zimesalimu amri, sisi ni nani? Mkurugenzi alitoa waraka kwamba vikaoni tuzungumze mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika, tutaje majina yetu kabla ya kuchangia, na tuepuke mizaha, "ili kuuwezesha mfumo kufanya kazi kwa ufanisi." Tangu siku ile vikao vyetu vinatisha. Kila mtu anakitazama kile kijitaa cha kurekodi. Mhasibu anasimama, anataja jina lake na cheo, anasema anaunga mkono hoja. Mkuu wa Mipango anataja jina lake na cheo, anasema anaunga mkono uungaji mkono wa mhasibu. Tunamaliza mapema mno, hata sambusa hazijafika. Muhtasari unatoka papo hapo, safi, wa bluu, na ndani yake hamna kitu ila Bw. Mengineyo ambaye bado hajawasilisha.

Kikao chenyewe kimehamia kwa mama lishe nyuma ya jengo. Pale kuna benchi mbili zinazotazamana na meza ya mabati, na mahudhurio ni mazuri kuliko yalivyowahi kuwa ukumbini. Simu zinageuzwa kifudifudi. Ni pale mhasibu alipomwambia Mkuu wa Mipango, mkono ukiwa ndani ya sahani ya ugali na dagaa, kwamba arudishe tu hata nusu, na Mkuu wa Mipango akauliza nusu ya ngapi, wakaanza kuelewana. Mama lishe mwenyewe huchangia, na hoja zake huwa na uzito kwa sababu anawadai wote wawili. Mimi hukaa na kalamu yangu mfukoni. Hakuna aliyeniomba niandike, na maamuzi yote ya ofisi siku hizi yanapita pale.

Mwezi uliopita muda wa majaribio ulikwisha, na kila mwenye leseni akatakiwa kuandika dokezo kwa Mkurugenzi, tuendelee au tusiendelee. Hili nililiandika mwenyewe, neno kwa neno, msaidizi nimemfunga kabisa. Nilitumia ujuzi wangu wote. Niliandika: "Pamoja na kutambua nia njema ya Menejimenti katika kuleta mfumo huu, na pasipo kupuuza manufaa yaliyokwishapatikana, ninashauri suala la kuendelea nao litazamwe kwa upana zaidi kabla ya uamuzi wowote kufikiwa."

Mtu yeyote aliyewahi kukalia kiti cha ofisi ya umma anajua nilichosema pale. Nilisema hapana. Nilisema hapana ya nguvu, ya kupiga ngumi mezani, hapana ambayo yule mzee wangu wa kuku angeisoma na kuniita kando aniulize nani kaniudhi. Tangu nianze kazi sijawahi kuandika dokezo kali namna ile.

Lakini Mkurugenzi hasomi dokezo, anasoma ufupisho. Na ufupisho, niliouona kwa macho yangu umebanwa mbele ya faili, ulisema: "Afisa Utawala anatambua manufaa ya mfumo na anashauri utumike kwa upana zaidi." Pembeni, kwa wino wa kijani: "Nakubali. Yeye aratibu."

Kwa hiyo leseni zimeongezwa hadi kwa madereva, na mimi ni mratibu. Nimepewa kofia yenye nembo na jukumu la kuwafundisha wenzangu wote, kundi la kwanza likianza Jumatatu. Orodha ya washiriki imeandaliwa na msaidizi mwenyewe, na jina la nne najua hata likiitwa haliitiki. Nilishuka hadi uhasibu kuuliza kuhusu posho ya mratibu. Mhasibu alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji.